Mtikisiko wa mwisho kwenye "Long, Long, Long"
Mlio wa ajabu unaosikika mwishoni mwa wimbo huu wa bendi ya Beatles si hitilafu ya mkanda wa kurekodia, kama mtu anavyoweza kudhani. Kinachogongagonga pale mwishoni ni chupa ya mvinyo iliyokuwa juu ya spika ya Leslie (spika ya kinanda yenye sehemu inayozunguka) studioni. Paul McCartney alipobonyeza noti fulani kwenye kinanda, spika ikatetemeka na chupa nayo ikaanza kulia. Beatles wakaupenda mlio ule, wakauacha, mpiga ngoma wao Ringo Starr akausindikiza kwa ngoma. George Harrison, mtunzi wa wimbo, alilieleza hili katika kitabu chake I Me Mine, na humo humo akasema anayeimbiwa ni Mungu, ingawa wengi hudhani ni mpenzi. John Lennon, mwenzao wa Beatles, hakushiriki kabisa kurekodi wimbo huu. Sikiliza kwa hedifoni, maana sauti ya George iko chini mno.