Njooni, lakini njooni na mashine

Mwanangu,

Waalaikum salaam, na marahaba. Ujumbe wako niliusoma harakaharaka mchana, nikaurudia baada ya isha nyumba ilipotulia. Unauliza kama wewe na wenzako mkichukua gari kutoka Dar mpaka Tabora, kisha Kigoma, mtakuta maduka ya santuri kama yale mliyokuwa mkiyazungukia ulipokuwa masomoni Uingereza. Na kama hayapo, unauliza safari ina faida gani, au ni kuchoma mafuta bure.

Maduka hayapo. Tabora hakuna hata moja, na Kigoma vilevile. Ila njooni. Na kwa kuwa umeniuliza mimi, nitakueleza kwa nini, na mje vipi.

Nakumbuka barua zako za wakati ule. Ulinisimulia habari za Honest Jon's na Rough Trade kule London, maduka yaliyofunguliwa miaka ya 1970 na yapo hadi leo, na jinsi mlivyokuwa mkitoka mji mmoja kwenda mwingine wikiendi, mnainama juu ya makasha mpaka mgongo unauma. Ukaniambia habari za ile Jumamosi ya Aprili ambayo tangu 2008 maduka huru ya santuri yanaifanya sikukuu yao, watu wanapanga foleni kabla ya jua. Nilifurahi kusoma. Kisha ukaniambia umekuta santuri ndogo ya Tabora Jazz, bendi ya mji wetu huu, na bei yake. Bei ile ilininyima usingizi. Kwa pesa zile mtu hapa angejaza mpunga chumba, na hakuna hata mmoja kati ya waliopiga zile nyimbo aliyewahi kushika fedha kama hizo kwa wimbo mmoja.

Unajua kwamba kabla sijaolewa nilikuwa muuzaji katika duka moja hapa mjini. Mbele tuliuza baiskeli, cherehani, redio na taa za karabai. Santuri zilikuwa rafu ya nyuma, na hiyo rafu ndiyo niliyokabidhiwa. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wa reli walijaa. Tabora ni njia panda, treni ya Mwanza na ya Kigoma zote zinapita hapa, kwa hiyo wateja wangu walikuwa madereva wa treni, makarani wa stesheni, mafundi wa karakana. Mtu haulizi bei kwanza. Anasema, "Weka tusikie." Nami naweka. Upande wa kwanza una Sehemu ya Kwanza ya wimbo, unageuza unapata Sehemu ya Pili, ambako magitaa yanaachiwa yaseme. Wengi walinunua kwa sababu ya ile Sehemu ya Pili.

Na walijua wanachotaka. Tabora Jazz, Wana Segere Matata kwa jina la mtindo wao, walikuwa wetu. Nyanyembe Jazz walikuwa wetu. Wazee waliulizia Kiko Kids, bendi ya mji huu huu, kwa ajili ya mwanamuziki wao Salum Zahoro. Western Jazz maskani yao yalikuwa Dar, lakini jina lao ni la Jimbo la Magharibi, na aliyeianzisha mwaka 1959, Iddi Nhende, ni mtu wa Nzega. Kwa hiyo Saboso, mtindo wao, ilipopigwa, dukani watu walijisikia wenyewe. Marehemu Shem Karenga, aliyetunga "Dada Asha", alitoka Kigoma, alipigia Lake Tanganyika Jazz kule kabla hajaja Tabora Jazz. Alifariki 2014. Ukitaka kujua kwa nini safari yenu iwe ya miji hii miwili na si mmoja, jibu lipo katika maisha ya watu kama yeye. Wanamuziki walipanda na kushuka na reli hii, na santuri zao zikawafuata.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, au zilisafiri, lakini sahani yenyewe ilifyatuliwa Nairobi, ikarudi huku kwa mzigo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, rafu yangu ilianza kupungua na haikujazwa tena. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983. Kufikia wakati huo tulikuwa tumetoka vitani, bidhaa zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kaseti zilikuwa zimeshaingia.

Watu husema kaseti ndiyo iliyoua santuri. Mimi niliyekuwa nyuma ya kaunta nasema kilichotangulia ni sindano. Mashine nyingi za kupigia santuri hapa zilikuwa zile za mkoba, za betri, zenye sindano ya yakuti inayoisha upesi. Sindano ikiisha huwezi kuichonga nyumbani. Ukilazimisha, inalima mfereji wa santuri na wimbo unaharibika. Waliopenda muziki wao walijua hivyo, wakaacha kupiga. Betri nazo zikaadimika. Mtu akazifunga santuri zake kwenye kitenge, akazitia sandukuni chini ya mashuka ya harusi, akingoja sindano zije. Hazikuja. Baadaye akanunua redio kaseti, kisha watoto wakakua, na sanduku likabaki.

Ndiyo maana nasema njooni. Zipo majumbani, na nyingi hazijasikika tangu wakati huo. Mwenyewe yupo hai, ana miaka sabini na ushee, na hajausikia wimbo aliochezea harusi yake kwa sababu hana cha kuupigia. Basi kabla ya pesa, beba mashine. Nunua ndogo inayotumia betri au inayochaji, yenye spidi tatu: mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika. Ile ya 78 usiiache, maana mkifika Ujiji mtakutana na sahani nzito za zamani, na hizo zinataka sindano nene ya kwao. Sindano ya santuri za kawaida inazama chini ya mfereji na kukupa mikwaruzo mitupu. Beba pia vile viplastiki vya kuziba tundu kubwa la santuri ndogo, kitambaa laini, na maji yaliyochemshwa. Sahani za 78 usizisafishe kwa spiriti, zitayeyuka. Na usiziache ndani ya gari juani. Dodoma pekee inatosha kuzikunja kama chapati. Zisimamishe wima, zifunike, na mkiegesha kula, mmoja abaki nazo kivulini.

Mkifika mji wowote, Nzega, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, msiulize duka. Mtafuteni fundi redio mzee kuliko wote. Huyo ndiye aliyeletewa mashine zikaharibikia kwake, anajua nani alikuwa na nini, nani alifariki na nani alirithi. Mpeni kazi halisi, hata ya kuunga waya, mkae naye. Halafu waulizieni wastaafu wa reli. Baada ya hao nenda kwa walimu wastaafu, na wale waliokuwa na vilabu na hoteli zenye ukumbi wa dansi. Hapa Tabora nitakupeleka mwenyewe Isevya na Ng'ambo, maana mgeni akibisha hodi na kuulizia vitu vya zamani, watu hudhani anatafuta kitu kingine. Tangu watu wa kununua vyuma chakavu waanze kupita, wazee wamekuwa waangalifu, na wana haki.

Kigoma mtakuta mambo mengine kabisa, na hapo ndipo moyo wangu unapokwenda mbio kwa niaba yenu. Ziwa lilileta muziki kama reli ilivyoleta. Ng'ambo ile ni Kongo, kaskazini ni Bujumbura, na meli na maboti yalivusha watu na mizigo yao. Kwa hiyo katika nyumba za Ujiji, Gungu na Mwanga Kigoma mtaona lebo ambazo dukani kwangu zilikuwa nadra. Ipo lebo ya Ngoma ya Leopoldville, Kinshasa ya leo, iliyoanza mwaka 1948, na sahani zake za 78 zilienea Afrika Mashariki nzima. Zipo za Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, na wenzake. Usizidharau ukisema umekuja kutafuta za Kitanzania. Magitaa ya Tabora Jazz yalisikiliza upande ule kwanza, na ukizipiga moja baada ya nyingine utasikia wapi walichukua na wapi walikataa kuchukua. Hilo huwezi kulipata kwa kusoma.

Ukiingia kwa mtu, kaa. Salimia kama nilivyokufunza, shikamoo yako itoke vizuri, na hapa Unyamwezini ukimwambia mzee "mwangaluka" asubuhi atakufungulia mlango wa pili. Santuri ikitoka sandukuni, usiitazame lebo kwa macho ya bei. Isafishe mbele yake, iweke, mwache asikie yeye kwanza mpaka mwisho, pande zote mbili. Usiongee wakati huo. Baadaye muulize nani anapiga, nani anaimba, waliinunua wapi, ilipigwa katika sherehe ya nani. Andika yote, maana kwenye lebo mara nyingi kuna jina la bendi na mtunzi tu. Mpiga besi, mpiga tumba, mpuliza saksafoni, majina yao yamo vichwani mwa watu hawa na hayamo mahali pengine. Zipige picha lebo pande zote, na namba iliyochorwa kwenye ile sehemu laini karibu na katikati.

Kuhusu kununua, nina msimamo na nataka uusikie kutoka kwangu kabla hujasafiri. Mwenye nakala mbili na anayetaka kuuza, nunua. Aliyerithi na hana haja nazo, nunua, lakini mwambie bei ya London. Ndiyo, mwambie. Mwonyeshe kwenye simu, kisha mpatane yeye akiwa anajua. Najua wenzako watasema biashara haifanywi hivyo. Basi wasije kufanya biashara nyumbani kwetu. Na mtu mwenye nakala moja tu, anayetoa machozi ikipigwa, usimtajie pesa kabisa, hata akiwa na shida, hasa akiwa na shida. Rekodi sauti, mwachie nakala kwenye simu ya mjukuu wake, mfungie sahani yake vizuri uirudishe sandukuni. Na usiitupe mitandaoni hata siku moja bila ruhusa. Wanamuziki hao wana watoto na wajukuu, baadhi wanaishi mitaa hii hii.

Huenda mkarudi Dar na sahani chache kuliko mlizokuwa mkirudi nazo kutoka duka moja la Uingereza. Lakini daftari lenu likijaa majina na simu ikijaa sauti ambazo hata makasha ya London hayana, mimi nitaihesabu safari hiyo kuwa na faida. Siitetei hivi kwa sababu nataka nikuone tu, ingawa nataka. Nimewazika wateja wangu wengi. Kila msiba nikienda huwa nawaza sanduku lile liko wapi, na nani ataligawa, na kama kuna atakayejua ndani yake mna nini. Mwaka jana katika nyumba moja watoto walikuwa wametundika sahani ukutani kama pambo, misumari imepigwa pembezoni. Ilikuwa Nyanyembe Jazz.

Msije masika. Njooni kati ya Juni na Septemba, barabara ni kavu na wakulima wameshavuna, watu wana muda wa kukaa. Pandeni kupitia Dodoma na Manyoni mlale hapa kwanza, kisha mwende Kigoma kwa gari, na mmoja wenu arudi kwa treni mpaka Tabora. Kwenye behewa utakaa na wastaafu wa reli saa nyingi, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuuliza. Chumba cha nyuma nitakiandaa, watatu mtalala vizuri, wa nne atalala sebuleni.

Nipe tarehe mapema. Kuna mzee Isevya, alikuwa mpiga tarumbeta, huenda kwa binti yake Urambo na hukaa huko muda mrefu. Nataka nimwambie asiondoke kabla hamjafika. Na ukinunua mashine, niletee sindano ya akiba inayoingia kwenye ile ya baba yako. Namba yake ipo chini ya mkono wa mashine unaoshika sindano, nitampa mdogo wako aipige picha akutumie kesho.

Mama yako
Tabora