Nani anaikagua serikali inapoamuru viwanda vizalishe?

Swali: Wakati wa korona, Rais wa Marekani alitumia sheria ya mwaka 1950 ya uzalishaji kwa ajili ya ulinzi (Defense Production Act) kuviagiza viwanda vitengeneze mashine za kupumulia. Nikitaka kujua kama mamlaka hayo yalitumika vizuri, nianzie wapi?

Jibu: Anza na mkataba, achana kwanza na tamko la Rais. Sheria hiyo inaipa serikali nguvu ya kuweka oda yake mbele ya za wateja wengine, na pia ya kutoa fedha za kupanua uzalishaji. Kiwanda kikikaidi oda kwa makusudi kinaweza kushtakiwa, kwa hiyo muuzaji amebanwa. Anayelegezewa ni mnunuzi, yaani serikali, maana kwenye dharura ushindani wa zabuni huwekwa kando.

Chukua mkataba wa serikali na kampuni ya Philips wa Aprili 2020: mashine 43,000 kwa dola milioni 646.7. Gawanya, utapata kama dola 15,000 kwa mashine moja. Kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliulinganisha na mkataba wa zamani wa kampuni hiyohiyo, wa mashine za kazi ileile kwa dola 3,280 kila moja. Mwezi Julai ikasema huenda serikali imezidishiwa hadi dola milioni 500. Agosti mkataba ukakatishwa, mashine 30,700 zikiwa hazijaletwa. Kilichoibua haya ni nyaraka na barua pepe za majadiliano ya bei. Kama hazikutunzwa, hakuna ukaguzi.

Fedha nazo zifuatilie. Machi 2020 Congress, yaani Bunge la Marekani, iliongeza dola bilioni 1 kwenye mfuko wa sheria hii ili kukabiliana na korona, na Wizara ya Ulinzi ikapeleka sehemu kubwa kwa viwanda vya kijeshi, ikieleza kwamba navyo viliumizwa na janga. Kwa maoni yangu kosa lilianzia bungeni: fedha zikipitishwa bila kutajwa ni za kununua nini, mkaguzi hana pa kushika.

Mahakama usiitegemee sana, kwani sheria yenyewe inaikinga kampuni isidaiwe na wateja iliowaweka nyuma kwa kutii oda ya serikali.

Kwenye USAspending.gov, tovuti ya matumizi ya serikali ya Marekani, utaona mikataba na marekebisho yake. Marekebisho usiyaruke hata kidogo. Katika ule mkataba wa zamani, tarehe ya kuleta mashine ilisogezwa kutoka 2019 hadi 2022, na korona ilipoingia ghala la taifa la akiba ya vifaa tiba lilikuwa halijapokea hata moja.