Kabla hujafungua stata ya lori, pima moto

Madereva wanaonipigia simu alfajiri kutoka Kibaigwa, Nala au Manyoni, kwenye barabara kuu inayopita Dodoma, huanza na hukumu kabisa: "Fundi, stata imekufa," au "Betri zimekwisha, mwambie tajiri atume hela." Huwa siwabishii. Nawauliza tu wawashe taa kubwa, wageuze ufunguo, kisha wanieleze wanachokiona na wanachokisikia.

Taa zikififia hadi karibu kuzimika na stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inalia ta-ta-ta-ta, moto (umeme) ni mdogo, ama kwa sababu betri zimechoka ama kwa sababu kuna kiungo kibovu njiani. Taa zikififia kidogo, ukasikia "ta" moja nzito na injini haijazunguka, macho yahamie kwenye stata na nyaya zake nene. Taa zikibaki kali vilevile na kimya kimetawala, usiiguse betri. Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na tandiboi wa juzi analiweza.

Baada ya hapo inahitajika mita ya kupima volti. Mita ndogo ya kidijitali ni bei rahisi sana ukilinganisha na betri moja ya lori, na sielewi kwa nini gari lenye mzigo wa mamilioni litembee bila kuwa nayo. Malori mengi ya njia hii ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja imeshika hasi ya nyingine. Kwa hiyo usipime jumla peke yake. Pima kila betri kivyake. Gari likiwa limelala usiku, betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12.0 imekaribia kuisha.

Ila kipimo hicho kinadanganya. Betri iliyooza ndani inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia, halafu ikaanguka mara tu inapobebeshwa kazi. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini ni kile kinachosomwa stata ikiwa inapigwa. Shika ncha za mita kwenye betri, tandiboi ageuze ufunguo, soma namba injini ikijaribu kuzunguka. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu. Moja ikibaki 10.8 na mwenzake akadondoka hadi 7, umempata mgonjwa. Mchaji kwanza, umpime tena. Akidondoka tena, badilisha, na badilisha zote mbili, zenye ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri mpya ikifungwa na kuukuu, hiyo kuukuu inaivuta mpya chini.

Hapa niseme jambo linalonikera. Dereva anasubiri kupakia mahindi Kibaigwa, foleni ndefu, analala kwenye kichwa cha gari. Redio yake na chaja ni za volti 12, kwa hiyo anachomoa waya kwenye betri moja tu. Betri hiyo inafanya kazi ya ziada kila usiku, na alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haioni tofauti, kwa sababu inachaji zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja. Ya redio haijai kamwe. Mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi maji yanakauka. Baada ya miezi kadhaa zote zimeharibika, na lawama zinakwenda kwa muuza betri. Dawa yake ni kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, kinachochukua moto kwenye betri zote. Ukikuta tofauti kubwa kati ya betri mbili zilizonunuliwa siku moja, tafuta huo waya wa redio kabla hujatafuta kingine.

Na maji. Joto la Oktoba na Novemba la huku kwetu ndilo linaloua betri, baridi ya Juni na Julai inatangaza tu msiba. Betri zenye vifuniko zifunguliwe mara kwa mara, ziongezwe maji yaliyosafishwa ya betri. Usiongeze tindikali, na usiongeze maji ya bomba wala ya kisima. Maji ya Dodoma yana chumvi, sote tunaijua sufuria ya chai ya hapa inavyokuwa. Chumvi hiyo ikiingia kwenye betri haitoki.

Betri zikiwa nzima, fuata njia ya moto. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri umwagie maji ya moto yenye magadi, kisha usugue kwa msasa. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Lakini kiungo kinaweza kung'aa kwa nje na kuwa kibovu ndani, na hapo mita inafaa tena kuliko jicho. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma tupu cha injini, piga stata. Usomaji ukizidi nusu volti, waya wa erthi, yaani ule wa hasi unaoshika kwenye injini na chesisi, una tatizo. Malori yetu yanatikisika sana, na erthi inayotoka injini kwenda chesisi hukatika nyuzi kimyakimya ndani ya plastiki yake. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata. Ikisoma zaidi ya volti moja, moto unapotelea njiani, na stata mpya haitakusaidia kitu.

Stata inafunguliwa pale tu bolti nene inapopata moto wa kutosha, ule waya mwembamba wa amri nao unapata moto ufunguo ukigeuzwa, na bado haizungushi. Mara nyingi utakuta brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka moto ndani ya stata) zimeisha au sahani za mguso ndani ya sulenoidi (swichi ya sumaku ya stata) zimeungua. Kuigonga stata kwa nyundo kunaweza kuiamsha brashi iliyochoka ukafika mjini. Likiwaka hivyo, usizime injini kabla hujafika kwa fundi.

Waya mwembamba ukiwa hauna moto, angalia fyuzi, relei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi kuu ya betri, na kama gia iko nyutro, kwani malori mengi ya kisasa yanagoma gia ikiwa ndani au klachi haijakanyagwa. Kisha muulize tajiri kama amefunga kifaa cha kufuatilia gari. Baadhi hufungwa na relei inayokata stata, na relei hiyo ikifungwa ovyo chini ya dashibodi inalegea. Nimeshuhudia dereva akivunja nusu ya dashibodi wakati gari lilikuwa limefungwa kwa simu kutoka Dar.

Injini ikizunguka vizuri ila haiwaki, tatizo kwa kawaida ni mafuta. Kwa upande wa umeme, kwenye pampu za zamani kuna sulenoidi ya kuzimia. Isipopata moto, dizeli haipiti. Geuza ufunguo hatua ya kwanza, sikiliza kama inagonga.

Tafadhali, tuache ule mtindo wa kulala chini ya gari na kuunganisha stata kwa spana. Gari likiwa kwenye gia litawaka na kukupanda. Ukilazimika kubusti, chukua moto kwenye gari la volti 24 kama lako, siyo kwenye gari dogo. Waya wa mwisho, ule wa hasi, ushike kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Sigara kaivutie kwenye kibanda cha chai.

Likishawaka, rudisha mita kwenye betri injini ikinguruma. Jumla iwe kati ya volti 27.5 na 28.5. Ikikaa chini ya 26, alteneta haichaji, kwa hiyo zima redio na kila kisichohitajika, utembee mchana, usizime injini hadi ufike kwenye fundi. Ikipita 29, reguleta, yaani kidhibiti cha volti cha alteneta, imeharibika na inachemsha betri. Itengenezwe kabla hujaingia njia ya Singida.