Sare ya shule: maswali yenu na majibu yangu

Tangu shule zifunguliwe, maswali ya sare yamekuwa mengi kuliko mengine yote niliyoletewa. Nimefundisha shule za msingi miaka 24, kwanza Sengerema kisha huku Ilemela, Mwanza, na mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nguo hizi nazijua tangu kitambaa kikiwa kwenye jora. Nimechagua maswali saba.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tatu amerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu sweta lake limepauka, na shule inataka bluu iliyokolea. Tuliambiwa elimu ni bure. Je, sare ni lazima? Mama wa Kirumba.*

Marahaba, mama. Nianze na hilo neno bure, maana limewachanganya wengi. Kilichoondolewa kuanzia Januari 2016 ni ada na michango ya lazima, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita wakafuata mwaka 2022. Sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo shule ina haki ya kukudai sare, na wewe una wajibu wa kuitafuta.

Kumrudisha mtoto nyumbani ni jambo jingine, na hapo siko upande wa shule yako. Karibu kila Januari tunasikia viongozi wa serikali wakiagiza watoto wapokelewe hata kama sare haijakamilika, na wana haki kusema hivyo. Wa kuulizwa sare ni mzazi. Mtoto wa darasa la tatu hana mfuko wa kutoa hela. Ukimfukuza saa mbili asubuhi anarudi Kirumba peke yake, mama yuko sokoni Mwaloni na dagaa zake, mlango una kufuli. Atashinda wapi? Nimewaona watoto wa namna hiyo wakishinda ufukweni wakipara samaki kwa shilingi mia mbili mia mbili, mpaka hela ile ikawanogea na darasa likawatoka.

Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, asubuhi, kabla ya paredi. Usimtume mtoto na kikaratasi. Mweleze hali yako na mtajie mwezi utakaonunua sweta. Asipokuelewa, ipo kamati ya shule, na yupo afisa elimu kata. Na kwa mji wenye jua kama huu wetu, mimi sweta ningeliweka mwisho kabisa kwenye orodha: linafaa asubuhi ya mvua, ikifika saa nne limeshafungwa kiunoni.

*Mwalimu, mimi ni wa kidato cha tatu, Nyegezi. Kuna nchi wanafunzi wanavaa wanachotaka na wanafaulu vizuri. Kwa nini sisi tulazimishwe?*

Swali zuri, mwanangu. Ni kweli: Ujerumani shule nyingi hazina sare, na Marekani shule nyingi za umma pia hazina. Uingereza wengi wanavaa, Japani vilevile kwa sekondari. Wanaofaulu wapo kote. Atakayekwambia kwamba sare inapandisha maksi, mwulize amejuaje. Mimi sijaona ushahidi wa kunishawishi.

Na sare zenyewe zilianza kama nguo za msaada. Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini, iliwavalisha majoho marefu ya bluu. Kwetu zilikuja na shule za misheni na za serikali ya kikoloni.

Sababu yangu mimi niliipata darasani. Mwaka mmoja tuliwaruhusu darasa la tano waje na nguo za nyumbani siku ya kufunga shule, tukidhani tunawafurahisha. Waliokuja walipendeza kweli: jezi, magauni ya Krismasi, viatu vya kumetameta. Lakini madawati ya nyuma yalikuwa na nafasi. Na msichana mmoja alikuja na sare, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, akasema amesahau tangazo. Nilikuwa nimelirudia tangazo lile siku tatu mfululizo. Nyumbani hakuwa na nguo nyingine ya kutokea mbele za watu. Tangu siku hiyo sijaipinga sare.

Siyo kwamba inaficha kila kitu. Watoto wanajuana kwa viatu, kwa begi, kwa mkate wa saa nne. Inapunguza tu, na kwa mtoto kupunguziwa ni jambo kubwa. Halafu kuna konda. Nauli ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, unaidai kwa hiyo sketi au suruali uliyovaa. Bila sare utabishana naye kuanzia Buhongwa mpaka mjini. Na mwanafunzi akionekana saa tano asubuhi pale kivukoni Kamanga amevaa sare, mtu mzima yeyote atamuuliza kulikoni.

Lakini kulazimishwa bila kuelezwa kunakera, nakubali. Kama kuna jambo ndani ya sare yenu halina maana, iwe tai kwenye joto la Februari au soksi nzito, lipelekeni kwa viongozi wa wanafunzi, liandikwe, liende kwenye bodi ya shule. Nimeona tai ikifutwa kwa njia hiyo.

*Nina watoto wanne wanasoma, kazi yangu ni dagaa, niko Igombe. Januari ndiyo kila kitu kinadaiwa na mfukoni sina. Nifanyeje? Baba wanne.*

Kaka yangu, hesabu yako ianzie kwenye mwezi wa angani. Wewe unajua kuliko mimi: giza likiwepo taa zinawaka ziwani na hela inapatikana, mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inavutwa nchi kavu na mnakula mlichoweka. Shule haiangalii mwezi. Ikifunguliwa wakati wa mbalamwezi, umekwama. Basi sare inunuliwe mapema, katika giza la Oktoba na la Novemba, mtoto mmoja mmoja. Giza hili shati la mkubwa, giza lijalo sketi ya anayemfuata. Desemba ina sikukuu na wageni, usiitegemee.

Jambo la pili, nunua kitambaa na umpelekee fundi kuliko kununua iliyokwisha kushonwa. Mwambie aache pindo la vidole vinne chini ya sketi na kwenye suruali, na akiba ya kitambaa kiunoni nyuma. Mama yangu alikuwa akishona pindo mara mbili, moja juu ya nyingine. Mwaka wa pili unafumua la kwanza, wa tatu unafumua la pili. Ule mstari uliokolea unaobaki pindo likishushwa usikuaibishe, unaonyesha mtoto anakua.

Shati jeupe la kawaida linapatikana hata soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba, zuri na gumu. Angalia kola na kwapa kabla hujalipa. Viatu ndivyo visivyo na ujanja: nunua vinavyozidi kidogo, uweke soli ya ndani.

Na watoto wanne wakiwa shule moja, sare inarithiwa. Mdogo akinung'unika kuvaa ya kaka yake, mpe kitu kimoja kipya, japo mkanda.

*Je, binti yangu Mwislamu anaruhusiwa kuvaa hijabu na sare?*

Ndiyo, hata katika shule za serikali. Inachoomba shule kwa kawaida ni rangi ioane na sare, mara nyingi nyeupe. Mshonee mbili, ili moja ikiwa kambani nyingine iwe kichwani.

*Shuleni kwetu tumeambiwa sare tununue kwa fundi mmoja tu, na bei yake iko juu kuliko mafundi wengine. Hii ni halali? Mzazi, Igoma.*

Hapo pana harufu mbaya, na usinyamaze. Shule inaweza kutaja rangi, mshono na nembo. Mahali pa kununua mwachieni mzazi. Ulizeni kwenye mkutano wa wazazi, mkiwa wengi, kwa adabu: nani alimchagua fundi huyu, na kwa utaratibu gani? Kama tatizo ni nembo, ombeni iuzwe peke yake, kila mtu aishone kifuani mwenyewe. Na jibu watakalowapa liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

*Mwalimu mwenzangu, niko Misungwi. Ukilegeza sare, nidhamu inakwisha. Leo ndala, kesho kofia. Tukiacha kuwarudisha nyumbani tutawashikaje?*

Mwalimu mwenzangu, swali lako nalijibu kwa kirefu kwa sababu niliwahi kuwa wewe.

Wiki moja ya zamu yangu nilimrudisha mvulana wa darasa la sita. Kaptula yake ilikuwa imechanika nyuma, wenzake wanacheka, nami nikaona anavuruga mstari. Nikamwambia nenda, urudi na kaptula nzima. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata. Nilipofika kwao bibi yake akaniambia amevuka kwenda visiwani na wavuvi wa dagaa. Kwenye hisabati hakuna aliyemshinda darasani isipokuwa wawili. Sindano na uzi vilikuwa kwenye droo ya meza yangu, mimi mtoto wa fundi, na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Nimestaafu, na ile kaptula bado naiona.

Kwa hiyo nakuomba tutenganishe makosa mawili. Mwenye sare ambaye kwa makusudi anaivaa vibaya, anayechomoa shati na kubana suruali kwa fundi wa mtaani, huyo ana utovu wa nidhamu. Mpe adhabu inayomfanya abaki shuleni. Asiye na sare ana umaskini, na umaskini hauna adhabu. Ukiwaweka kwenye mstari mmoja mbele ya paredi, yule wa kwanza anapata cheo kwa wenzake, wa pili anapata sababu ya kutokurudi.

Wala usidhani ni huruma tu inayonisukuma. Magharibi mwa Kenya, watafiti walifanya jaribio kubwa katika shule za msingi 328 kuanzia mwaka 2003. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa asilimia 16 kwa waliopewa sare, na asilimia 19 kwa wasiopewa. Waliopata ujauzito walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Kwa nguo tu. Msichana anayeweza kuingia darasani bila kuona haya anabaki darasani, na akibaki yale mengine ya mtaani yanamkosa.

Shule yako inaweza kufanya hili bila mfadhili. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba, na ukiisha sare zile hawazihitaji tena. Ombeni kila anayemaliza aache shati moja na sketi au kaptula, imefuliwa. Mwalimu mmoja azitunze kwenye sanduku ofisini, pamoja na sindano, uzi na vifungo. Januari, mtoto asiye na sare aitwe pembeni, apimiwe mlango ukiwa umefungwa, atoke amevaa. Asitangaziwe, asipigwe picha, asiimbiwe wimbo wa shukrani. Sisi tulipoanza tulipata mashati mengi na sketi chache, kwa sababu sketi huwa zinabaki kwa wadogo zao. Mafundi wawili wa jirani wakatusaidia kupunguza yaliyozidi ukubwa, na malipo yao yalikuwa chai ya ofisini.

*Mimi ni bibi, nalea wajukuu Magu. Mashati meupe yanageuka rangi ya udongo kabla ya Machi. Siri ni nini?*

Shikamoo bibi, na pole na malezi. Siri iko kwenye maji. Ya kisimani au ya ziwani yachote jioni, uyaache usiku kucha kwenye ndoo udongo ukae chini, asubuhi uyamimine taratibu bila kutikisa. Nyeupe zifuliwe peke yake, kabla ya nguo nyingine yoyote. Kola na mikono paka sabuni ya mche, acha kidogo, kisha sugua kwa vidole, brashi inamaliza kitambaa. Suuza mara mbili. Kwenye maji ya mwisho tia bluu ya kufulia kidogo sana, ikizidi shati linatoka na mabaka. Shati lianike juani. Sketi ya bluu igeuze ndani nje na uianike kivulini. Na Ijumaa akirudi tu, avue na kuloweka hapohapo, usingoje Jumapili.