Video ya Wimbo: Mikato, Midomo na Maswali Mengine

Nimekata picha kwenye kila mdundo wa wimbo, lakini video bado inachosha. Tatizo ni nini?

Tatizo ni hilo neno "kila". Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde, kwa hiyo dakika tatu tu zitameza picha 360. Mtazamaji akishazoea kasi hiyo, mkato haumshtui tena, na kiitikio kinapowadia huna cha kumwongezea. Sikiliza kwanza wimbo umejengwaje. Wakati wa ubeti mwache mwimbaji akae kwenye shoti ndefu (kipande cha picha kisicho na mkato ndani yake), mikato ya harakaharaka uiwekee akiba kiitikio.

Wala usiwe mtumwa wa ngoma. Besi ikiingia, gitaa likinyamaza, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya mstari mpya, hapo pia ni mahali pa kukata. Mimi napenda zaidi hapo kwenye pumzi, kwa sababu mtazamaji hauoni mkato wenyewe, anahisi tu kwamba kuna jambo linakuja. Tena pigo linaweza kubebwa bila mkato wowote: mguu wa mchezaji unatua, mlango unafungwa, kamera inageuka ghafla, na kazi imeshafanyika ndani ya shoti.

Angalia pia hesabu. Video ikiwa na fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazoiunda, pigo la ule wimbo wa mapigo 120 ni fremu 12 kamili. Wimbo wa mapigo 100 unatoa fremu 14.4. Ukipanga mikato kila baada ya fremu 14 bila kutega sikio, baada ya mapigo 10 picha itakuwa imeutangulia muziki kwa fremu 4. Wengi hapo huanza kuilaumu kompyuta.

Mwimbaji anatembea polepole kama yuko ndotoni, lakini midomo inafuata maneno barabara. Wanafanyaje?

Wakati wa kurekodi, wimbo unapigwa kwa kasi maradufu na mwimbaji anaukimbiza hivyo hivyo. Kamera inachukua fremu 50 kwa sekunde, kisha video inachezwa kwa 25. Midomo inarudi kwenye kasi ya kawaida ya wimbo, ila nywele, nguo na mikono vinaelea. Mazoezi ni muhimu, kwani anayebabaika na maneno ataonekana mara moja. Pale kwenye seti huwa ni kichekesho, sauti ikilia kama ya kitoto!

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kwa video ya "The Scientist" ya bendi ya Coldplay (2002), mwimbaji wao Chris Martin alijifunza kuuimba wimbo kinyumenyume, ili picha zikigeuzwa na kuchezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, midomo ikubaliane na maneno.

Shoti moja mwanzo hadi mwisho si uvivu wa mhariri?

Hapana. Kazi ya mhariri imehamia kwa wachezaji na mpiga picha. Bendi ya OK Go mwaka 2006 walicheza "Here It Goes Again" juu ya mashine nane za kukimbilia, bila mkato. Anayekosea hatua anawarudisha wote mwanzo. Na hata pasipo michezo hiyo, kamera ikikaa usoni inatosha ikiwa sauti ina uzito. Sehemu kubwa ya "Nothing Compares 2 U" ya Sinéad O'Connor (1990) ni uso wake tu.

Lazima picha zionyeshe kile maneno yanachosema?

Ukiimba mvua ukaonyesha mvua, umesema jambo moja mara mbili. Picha inaweza kufuata muziki wenyewe. Kwenye "Star Guitar" ya The Chemical Brothers (2002), mwongozaji Michel Gondry anatuonyesha mandhari kutoka dirisha la treni, basi. Ukitazama vizuri unagundua kwamba majengo na nguzo zinapita sawasawa na sauti za wimbo, na sauti ikijirudia, kitu kile kile kinapita tena.

Nyeusi na nyeupe ni kwa nyimbo za huzuni?

Si lazima. Hufaa pia pale rangi za nguo na kuta zinapogombana.

Programu yangu ina mipito mingi ya kuvutia kati ya picha na picha. Nitumie ipi?

Mkato wa kawaida. Mipito hiyo mingine ijaribu baada ya video kusimama bila hiyo.