Kidonda cha sikioni kwa mwenye ualbino

Pole dada. Unauliza kama kidonda cha sikioni cha mdogo wako mwenye ualbino, kilichokaa miezi mitatu, uendelee kukipaka dawa ya tyubu. Hapana, mpeleke hospitali wiki hii. Kidonda kinachoota gamba, likabanduka, kikavuja damu kidogo kisha kikafunga tena bila kupona, tena mahali panapopigwa jua kama sikio, mdomo wa chini au shingo, lazima kishukiwe kuwa saratani. Usitulizwe na kwamba hakiumi; mwanzoni mara nyingi hakiumi.

Daktari atapiga ganzi, akate kinyama kidogo kipelekwe maabara. Ikigundulika mapema, upasuaji mdogo mara nyingi unatosha. Ikichelewa ndipo mnaanza safari za matibabu ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mkiwa kaskazini mwa Tanzania, nendeni kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, kulikoanzia losheni ya Kilisun ya kukinga jua kwa wenye ualbino. Mafuta ya nazi si kinga, hata bibi aseme nini. Na ile kepu yake inaacha masikio wazi: mtafutie kofia ya duara yenye ukingo mpana.