Ukienda kula kijijini Ujerumani

Wenzetu wengi wakifika Ujerumani hula döner, ule mkate wenye vipande vya nyama ya kuchoma, asubuhi na jioni, kwa sababu wanajua wanachokula na menyu yake ina picha. Siwalaumu. Lakini ukipata nafasi ya kutoka mjini, hasa upande wa Schwarzwald kusini magharibi, tafuta Gasthaus, ile nyumba ya kula ya kijijini ambayo mara nyingi ina vyumba vya wageni ghorofani. Huko ndiko utakakokula chakula cha Kijerumani cha nyumbani.

Zingatia saa kwanza. Jiko la kijijini halipiki kutwa nzima. Chakula cha moto hutolewa mpaka kama saa nane mchana, kisha jiko hulala hadi saa kumi na moja na nusu jioni au baada ya hapo. Ukitokea saa tisa na njaa yako, bahati yako ni keki na kahawa. Usiku nako, ikikaribia saa tatu, usitegemee kuagiza. Tena kila nyumba ina siku yake ya kupumzika, aghalabu Jumatatu au Jumanne, na mlangoni wameandika Ruhetag. Piga simu kabla hujapanda basi, maana mabasi ya kijijini ni machache.

Ukiingia, salimia. Kaa unapopenda, ila meza yenye kibao cha Stammtisch iache: hiyo ni baraza ya wazee wa pale. Mbwa akiwa amelala miguuni pa jirani yako, ndiyo kawaida yao.

Sasa kitimoto. Kama huli nguruwe, kaza macho, maana hakai kwenye nyama peke yake. Vipande vya bekoni, wenyewe wanaita Speck, utavikuta kwenye viazi vya kukaanga, kwenye maharage mabichi, kwenye dengu, hata kwenye saladi. Rouladen ni nyama ya ng'ombe, lakini ikikunjuliwa, ndani mna bekoni na tango la achari. Wiener Schnitzel, yaani kipande chembamba cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, ni ndama. Ikiandikwa Schnitzel Wiener Art kwa bei nafuu, karibu kila mara ni nguruwe. Mwambie mhudumu "ohne Schwein, ohne Speck", yaani bila nguruwe, bila bekoni, na umwulize pia mafuta ya kukaangia. Wasiokunywa nao waangalie: mchuzi wa nyama ya porini hupikwa kwa divai nyekundu, na ile keki maarufu ya Schwarzwald hutiwa pombe ya cheri.

Mimi chaguo langu ni Forelle Müllerin, yaani samaki trauti mzima aliyepakwa unga na kukaangwa kwa siagi, akaletwa na viazi vya kuchemsha na kipande cha limau. Ngozi inakuwa kavu kidogo pembeni, nyama laini, na siagi ya kahawia inatambaa mpaka kwenye viazi. Watakupa kisu butu cha samaki. Mpasue mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, mbandue upande wa juu, kisha shika mkia uinue: mwiba wote unatoka na kichwa chake. Mtu wa Pwani atatamani kutumia mkono, na kwa nyama ya shavuni nitamsamehe.

Maji hulipiwa, na usipotaja "still" utaletewa ya gesi. Beba pesa taslimu, maana si kila nyumba inapokea kadi. Mhudumu atakuja na pochi lake pana jeusi aulize mnalipa pamoja au kila mtu chake. Bakshishi haiachwi mezani: bili ikiwa yuro 27.40, mtajie 30 naye atakurudishia kinachozidi hapo. Na usiseme "danke", yaani asante, wakati unamkabidhi noti ya 50, kwani ataelewa kwamba chenji yote umemwachia.